Neno "Siwezi" la Mvuta Sigara

Huuliza mvuta sigara: "Je, nina lawama kwa jambo nisiloweza kuliacha?" Swali hili ni zito, kwani taklifu hufuata uwezo, na asiyeweza hana lawama. Lakini, ewe ndugu yangu, Ramadhani ikija waiacha sigara tangu alfajiri hata magharibi, siku 29 au 30, wala hufi. Basi "siwezi" si neno la kweli. La kweli ni "naona uzito", na uzito si udhuru.

Wala hatusemi uzito huo ni mchezo. Tumbako ina nikotini, nayo humfunga mtu. Siku za kwanza za kuiacha ndizo ngumu, kisha hamu hupungua juma baada ya juma. Na kila hamu ijapo hukaa dakika chache ikapita. Ikikujia, kunywa maji, shika mswaki, ondoka penye baraza la wavutao. Usiweke pakiti nyumbani. Ukishindwa, mwendee tabibu, kwani ziko dawa za kusaidia, na kujitibu si aibu. Ukiteleza, anza tena.

Na jua likichwa, fungua kwa tende, usifungue kwa moshi. Uliyemsubiria mchana ni Mola wako. Na usiku nao ni wake.