Kuhesabu Siku na Kumngoja Mungu

Mke anayehesabu siku ili apate mimba, je, amepungukiwa na imani? La. Yai likishatoka huishi takribani siku moja tu. Mbegu za mume zaweza kulingoja hadi siku tano. Aliyeweka utaratibu huo ni Mungu, na kuujua si dhambi. Hana alimwaga machozi mbele za Bwana huko Shilo, kisha akarudi nyumbani na mumewe; maombi hayakufuta tendo la ndoa.

Lakini tujihadhari, wapendwa. Kalenda huonyesha siku, haitoi mtoto. Mwezi ukipita bila mimba, mke asilaumiwe, wala mume asimkumbatie siku zile za kuhesabiwa tu. Elkana alimpenda Hana kabla Samweli hajazaliwa.