Sheria ya Mji na Sheria ya Moyoni

Je, tendo moja laweza kuwa kosa upande huu wa mpaka, na upande wa pili lisiwe kosa?

Mwaka 1999 mji mdogo wa Brooklyn, katika jimbo la Ohio, ulikuwa wa kwanza katika Marekani kutunga sheria ya kuwazuia madreva wasitumie simu ya mkononi huku wakiendesha. Jimbo zima la Ohio halikukataza kuishika simu hata mwaka 2023. Basi kwa miaka mingi dreva aliweza kuiweka simu chini akiwa mjini humo, na kuishika tena mara afikapo mahali pasipo na sheria kama hiyo, wala asihesabiwe kosa.

Wako walionung'unika wakisema, "Msafiri atazijuaje sheria za kila mji?" Neno hili lina haki yake, maana si vema kumwadhibu mtu kwa amri asiyoweza kuijua. Lakini hatari haikuumbwa na sheria. Sheria iliitaja tu. Motokaa iendayo kilometa 90 kwa saa hupita meta 25 katika sekunde moja. Dreva akiinamisha macho kwa sekunde 4 apate kusoma jina la ampigiaye, amekwenda meta 100 kama kipofu. Mtoto avukaye njia hauulizi mpaka wa mji uko wapi.

Tena sheria ya namna hii hushika mkono, haishiki moyo. Wataalamu wa Toronto, katika Kanada, walionyesha mwaka 1997 kwamba dreva azungumzaye kwa simu yumo katika hatari ya kugongana karibu mara nne kuliko asiyezungumza. Nao hawakuona kwamba simu isiyoshikwa kwa mkono ilipunguza hatari hiyo. Mshika mbili moja humponyoka, hata kama hizo mbili zimo katika fikira tu. Kwa hiyo atakayesema, "Mikono yangu i mitupu, sina kosa," ametii maneno ya sheria, naye ameiacha maana yake.

Lakini tusiwatazame madreva peke yao. Sisi wenyewe tulipata kupanda basi, dreva akazungumza kwa simu katika mteremko, nasi abiria tukanyamaza kwa haya. Tena mara ngapi tumempigia ndugu yetu aliye njiani, tukakasirika asipoitika upesi? Sheria haitutaji sisi. Hata hivyo twashiriki hatari hiyo.

Basi yatupasa kumwambia dreva kwa adabu, "Ndugu, tafadhali simamisha gari kwanza." Na tukijua mtu anaendesha, tungoje afike. Sheria ya mji huishia mpakani. Wajibu wa kutunza uhai wa mwenzetu hauna mpaka.