Kalamu na Hamu

Je, kalamu ingoje hamu, au hamu iifuate kalamu? Sisi watumishi wa serikali, tulio na saa chache za usiku tu za kutunga, jibu tumelipata Gerezani. Fundi wa mabati hangoji moyo upende: hupima, hukata, kisha hugonga, na jioni ndoo huwa tayari.

Zamani tulizoea kumaliza shairi kwa usiku mmoja, tukadhani riwaya nayo ni vivyo hivyo. Hamu ilitukimbia katika sura ya tatu, na daftari likaliwa na mchwa. Kosa halikuwa uchovu, bali tulikata kabla ya kupima. Siku hizi twaanza na muhtasari wa kila sura, kisha twaandika ukurasa mmoja kila usiku, uwe mzuri au mbaya; kusahihisha kuna siku yake.

Shaaban Robert naye alikuwa karani wa serikali. Alifariki mwaka 1962. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilichapwa mwaka 1968. Hakuziona zikiwa vitabu, lakini aliziandika. Sifa, basi, si haki ya mwandishi. Kumaliza ndio wajibu wake. Mwanafunzi mwenye daftari aliloliacha na alifungue leo.