Filamu ya Katikati

Kifungua mimba hushangiliwa, kitinda mimba hudekezwa, wa kati hujilea mwenyewe. Ndivyo ninavyoiona The Two Towers, filamu ya pili ya The Lord of the Rings, iliyotoka Desemba 2002. Ya kwanza husifiwa kwa kutufungulia dunia ngeni, ya tatu kwa tuzo zake 11 za Oscar. Hii haina mwanzo, maana inakutumbukiza shimoni pamoja na mchawi Gandalf anayepigana huku akianguka; wala haina mwisho, maana pete aliyotumwa Frodo kuiharibu bado inaning'inia shingoni mwake. Kwa dakika 179 watu wanatembea, wanachoka, wanatiliana shaka.

Hiyo ndiyo ninayoirudia.

Nairudia kwa sababu ya Gollum, kiumbe cha kompyuta kilichopata sauti na mwendo wake kwa Andy Serkis. Usiku mmoja Frodo na rafiki yake Sam wamelala, naye anaanza kubishana na nafsi yake. Kamera inamzunguka, upande mmoja wa uso hadi wa pili, kisha inaacha kuzunguka: inaruka huku, inaruka kule, utadhani wameketi wawili. Mmoja anamfukuza mwenzake. Na anaondoka kweli! Furaha ya aliyebaki inaniuma kuliko vifo vyote vya vita vya ngome ya Helm's Deep, kwa sababu haidumu. Baadaye, ili kumwokoa Gollum na mishale ya watu wa kapteni Faramir, Frodo anamwita kwa upole atoke bwawani, nao wanamkamata. Aliyemwamini ndiye aliyemwita. Yule aliyefukuzwa anapata pa kurudia.

Sasa, filamu yenye ujasiri wa namna hiyo inaogopaje mambo mengine? Shujaa Aragorn anaporomoka toka gengeni na hakuna mtazamaji hata mmoja anayeamini amekufa. Ni muda uliopotea. Hilo nalisamehe. La Faramir silisamehe. Kwenye kitabu cha Tolkien anaikataa pete bila kuhangaika sana. Mwongozaji Peter Jackson na waandishi wenzake waliona hapo pete itaonekana haina nguvu, wakamfanya amburute Frodo hadi mji wa Osgiliath ndipo amwachie.

Mimi nimewahi kufanya kazi na mhasibu aliyekuwa akisukumiwa bahasha mezani, anairudisha kabla hamjamaliza kusalimiana. Hakuwa malaika, na wala bahasha haikuwa nyembamba. Alikuwa ameshaamua zamani. Mtu kama huyo Jackson hakumwamini, na sijui kwa nini sinema huona wema lazima uchelewe ndipo unoge.

Toleo refu linamtetea Faramir kidogo: linamwonyesha baba yake, Denethor, akimdharau mbele ya kaka yake Boromir, tukaelewa kijana anatafuta nini kwa ile pete. Ukipata nafasi, tazama hilo.