Kugusa na Kugusana

Wanafunzi wetu, hasa wale ambao Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao, husumbuka sana na kitenzi "kusikia". Wameambiwa kwamba ni kazi ya masikio; kisha wanakuta kwamba Mswahili husikia harufu, husikia baridi, husikia njaa, na jino likimuuma husikia maumivu. Baadhi yao hudhani kwamba lugha ina upungufu wa maneno. Sisi twaona kinyume chake. Lugha imeyaweka pamoja mambo yamfikiayo mtu pasipo yeye kuyaendea. Kugusa hakukuingizwa humo, maana kugusa ni tendo, na hapana budi mkono uende. Tena tendo hili lina sharti ambalo hisi nyingine hazina. Mtu aweza kuona asionekane, aweza kusikia asisikike, lakini hawezi kugusa asiguswe. Tukiushika mti, mti nao umetushika. Na ampigaye mtoto kofi, kiganja chake nacho chamwasha.

Sharti hilo ndilo linalotufanya tuandike juu ya jambo ambalo huenda wasomaji wetu wakaliona kuwa la mafundi peke yao, yaani teknolojia ya haptiki. Neno lenyewe limetoka katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kugusa, na hutumika kwa vyombo vyote viletavyo mguso kwa njia ya mashine. Hakuna aliye mbali na vyombo hivyo. Simu inayotetemeka mfukoni mwa mchuuzi kumjulisha kwamba fedha zimeingia ni mmoja wao. Katika simu nyingi mna mota ndogo yenye kizito kilichofungwa upande mmoja. Mota ikizunguka, kizito huiyumbisha simu nzima. Katika nyingine, sumaku hukisukuma kizito huku na huku kwa kipimo, hata chombo kikaweza kuigiza mguso wa kitu kisichokuwapo. Mwaka 2016 kampuni ya Apple ilitoa simu ya iPhone 7, ambayo kitufe chake cha chini hakikubonyea hata kidogo. Kidole kilipokikanda, mota ilipiga mshindo mdogo, na mwenye simu akaamini kwamba kitufe kimeingia ndani.

Je, huo ni uongo? Wapo watakaosema kwamba ndiyo, na wakataka tulijadili suala hilo mpaka jioni. Hatudhani lina uzito mkubwa, kwa kuwa aliyedanganywa na kitufe hakupoteza kitu. Swali lenye uzito ni jingine: ikiwa mashine yaweza kutenganisha kugusa na kuguswa, wajibu uliokuwa umefungwa baina ya mambo hayo mawili unakwenda wapi?

Yafaa tukumbuke jinsi mambo haya yalivyoanza. Katika miaka ya 1940 na 1950, mhandisi Raymond Goertz, wa maabara ya Argonne karibu na Chicago, alitengeneza mikono ya mashine kwa ajili ya watu walioshughulika na vitu vyenye mionzi ya nyuklia. Mtu alisimama nyuma ya ukuta mnene, akashika vishikio, na upande wa pili mikono ya chuma ikafuata kila alilolifanya. Nia ilikuwa kugusa bila ya kuguswa, maana kuguswa na vitu vile kulikuwa hatari ya kifo. Walakini mikono ile ya kwanza iliunganishwa moja kwa moja na vishikio, hivyo uzito wa kitu ulimrudia mshikaji kiganjani. Ilipofika zamu ya kuiendesha kwa umeme, uzito huo ungepotea, na Goertz akaona hapana budi urudishwe; akabuni mtambo wa kuurudisha. Mtu aliyeepushwa na sumu ya kitu hakuepushwa na ukinzani wake. Asingeuhisi, angekivunja chupa kabla ya kujua kwamba ameishika.

Jambo lilelile limeonekana katika upasuaji, na hapo si chupa tena. Tarehe 7 Septemba 2001, madaktari waliokuwa New York, wakiongozwa na Jacques Marescaux, walimtoa mgonjwa kifuko cha nyongo, na mgonjwa huyo alikuwa amelala Strasbourg, Ufaransa. Mikono ya mashine ilimhudumia ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, na madaktari waliiongoza kwa macho, wakitazama picha. Hali kadhalika mashine ya da Vinci, iliyoruhusiwa nchini Marekani mwaka 2000 na kuenea katika hospitali nyingi za dunia, katika matoleo yake ya awali haikumrudishia mpasuaji nguvu ya mkono wake. Wapasuaji walijifunza kukisia. Walitazama nyama inavyovutika na uzi unavyokazika, wakaamua kwa jicho kwamba hapa patosha. Na uzi wa kushonea uliweza kukatika kwa sababu mkono haukuonywa. Mwaka 2024 liliruhusiwa toleo ambalo vyombo vyake hupima msukumo na mvuto, kisha humrudishia daktari vidoleni.

Baadhi ya watu wataliona hilo kuwa suala la ufundi tu. Sisi twaona kwamba ni la maadili pia. Ukinzani ni namna ya kitu kusema "basi". Mwili wa mgonjwa aliyelazwa kwa dawa hauna ulimi wa kusemea. Una ukinzani peke yake. Mashine isiyoupeleka ukinzani huo kwa mpasuaji imemnyamazisha mgonjwa mara ya pili, hata kama daktari ni mwema na kazi imefanikiwa. Kwa hiyo twathubutu kusema kwamba umbali si kosa, wala mguso uliotengenezwa si kosa. Twauliza tu kama anayegusa anarudishiwa uzito wa alitendalo.

Kwa kipimo hicho, vyombo havilingani. Mwaka 1997 kampuni za Nintendo na Sony ziliuza vishikio vya michezo vinavyotikisika, na tangu hapo mchezaji hupata kiganjani mshindo wa bunduki aifyatuayo. Maumivu ya apigwaye hayamo. Ni mchezo, na hatuna ugomvi na watoto; lakini mkono unaozoea kupewa nguvu ya tendo bila ya kupewa jibu lake unajifunza jambo fulani, nasi tulio walimu twajua kwamba mikono hujifunza.

Upande mwingine kabisa uko msomaji asiyeona. Louis Braille alichapisha maandishi yake ya nukta nundu mwaka 1829, akiwa kijana wa miaka ishirini, na siku hizi kuna vyombo ambavyo huinua na kushusha vipini vidogo chini ya vidole, mstari baada ya mstari, hata kitabu kizima kikasomeka juu ya kibao chembamba. Hapa hatuoni la kubishania, isipokuwa bei yake, ambayo shule nyingi haziiwezi.

Lililo gumu zaidi ni lile la mapenzi. Kampuni ya CuteCircuit ya London ilibuni shati la kukumbatia. Avaaye hupima kumbatio lake kwa vihisio vilivyoshonwa ndani: mahali, nguvu, muda na joto, vipimo vikasafiri kwa simu, na shati jingine lililo mbali likamkumbatia alivaaye. Tusiharakishe kucheka. Waswahili nasi twaamkia "shikamoo", neno ambalo husemwa kwamba asili yake ni kushika miguu, na wengi wetu hatujagusa mguu wa mkubwa yeyote. Mguso uligeuka neno, na heshima ikabaki. Na mwaka 2020, tulipokatazwa kupeana mikono kwa ajili ya maradhi, salamu hiyo haikupungukiwa na kitu. Lakini shikamoo hungoja marahaba, na asiyejibiwa hujua kwamba hajaamkia sawasawa.

Basi tulitazame shati hilo kwa macho ya mwalimu wa sarufi. Ili kutuma kumbatio, mtumaji hana mwili wa mwenzake mbele yake. Huizungusha mikono yake juu ya kifua chake mwenyewe. Mwenziwe anakumbatiwa, na yeye anajikumbatia. Kiambishi "-ji-" kimekaa mahali tulipotazamia "-ana". Ikiwa mwenziwe, kule aliko, ameshtuka au amechoka au anataka kuachiwa, mikono ya mtumaji haiambiwi. Kwa mzazi aliyetengwa na mtoto aliyelazwa wodini, tungempa shati hilo leo, tena kwa shukrani. Kwa yule awezaye kupanda basi akafika, tungesita.

Tungefurahi kama walimu wenzetu wa vidato vya juu wangewapa wanafunzi vitenzi hivi vitatu, kugusa, kujigusa na kugusana, pamoja na simu moja iwekwe juu ya meza, wakaulizwa ni kipi kati ya hivyo simu hiyo hutenda inapotetemeka, na nani mtendaji. Sisi tulipolijaribu darasani, hawakukubaliana, na kengele ililia wakiwa bado wanabishana juu ya mtendaji.