Usishuke Ukutani

Nehemia alipokuwa akiujenga upya ukuta wa Yerusalemu, adui zake walijaribu dhihaka, wakajaribu vitisho, na vyote viliposhindwa wakajaribu mwaliko. Njoo, wakamwambia, tukutane katika bonde la Ono, tuzungumze. Mara nne walituma watu kumwita, na mara nne aliwarudishia jibu lilelile: yuko kazini, hatashuka. Ukuta ukakamilika kwa siku 52.

Nakuandikia wewe, kijana wa Muyeye, unayesikiliza sauti za watu wa ng'ambo na kuzigeuza maandishi. Wewe, binti wa Kibaoni, unayejibu malalamiko ya wateja wa duka ambalo huenda usilione maishani. Wewe, mwalimu wa Mtwapa, unayemfundisha mtoto aliye Dubai kupitia kioo cha laptopu. Dhihaka umezivumilia, za jirani anayeuliza lini utapata kazi na wewe uko kazini. Vitisho umevizoea: stima hupotea, bando huisha, mteja hubadilisha mawazo. Lakini mwaliko! Mwaliko ndio unaokumaliza, kwa sababu huja na tabasamu. Hebu njoo barazani kidogo. Hebu nikutume dukani mara moja. Hebu tazama video hii. Na wewe unashuka. Unashuka mara kumi kwa siku, halafu usiku unalia kwamba kazi hailipi.

Nasema kwa uchungu, kwa kuwa nawaona. Vipawa vyenu ni vikubwa na vinavuja.

Msidhani kazi ya kufanyia nyumbani ililetwa na korona. Ni kweli kwamba Machi 15, 2020, serikali ilipofunga shule, iliwahimiza pia waajiri wawaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani. Na Aprili mwaka huohuo Kilifi yote ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Tulipofunguliwa tulirudi makanisani na misikitini, ila kazi nyingine hazikurudi maofisini tena. Ni kweli pia kwamba tangu 2016 mpango wa Ajira Digital umekuwa ukiwafunza vijana kutafuta riziki mtandaoni. Lakini mama zetu walisuka makuti nyumbani kabla ya haya yote. Walikanda unga wa mahamri usiku wakayauza alfajiri, na ada ya shule ikatoka humo. Hakuna aliyethubutu kumwita mama huyo mvivu kwa sababu hakutoka kwenda ofisini.

Tena nendeni Rabai, kaunti hiihii yetu. Mmisionari Johannes Rebmann alifika huko 1846 akaondoka 1875. Shuleni tulifundishwa kwamba aliiona theluji ya Kilimanjaro 1848, na safari hiyo ndiyo iliyompa jina duniani. Ila miaka yake mingi haikupita njiani. Ilipita nyumbani, juu ya karatasi, akikusanya maneno. Aliandika maneno ya Kiniassa, lugha ya watu wa kule Ziwa Nyasa, kutoka kinywani mwa mtu mmoja aliyeitwa Salimini, aliyechukuliwa mateka kwao akaletwa pwani utumwani. Rebmann alirudi kwao Ujerumani akiwa kipofu, akafa 1876. Kamusi iliyotokana na maneno hayo ilichapwa 1877. Hakuiona. Nawataja wote wawili, Rebmann na Salimini, kwa sababu kitabu hicho ni jasho la watu wawili walioketi pamoja, neno baada ya neno, pasipo msimamizi wa kuwahesabia saa.

Nawe, nani anakuhesabia saa? Hakuna. Hapo ndipo mtihani wako ulipo. Aliyeajiriwa ofisini hulindwa na ukuta uliojengwa na mtu mwingine: lango, bosi, kengele, wenzake wanaomtazama. Wewe ukuta huo unaujenga mwenyewe kila asubuhi, kwa mikono mitupu, ndani ya nyumba iliyojaa watu wanaokupenda. Ni kazi mbili, na ya pili hailipwi. Usiidharau.

Ujenge kwa saa. Mvuvi wa Ngomeni hatoki kwa kujisikia. Anajua leo ni bamvua au ni maji mafu, na maji yakimwita saa tisa usiku anaamka saa tisa usiku. Nawe yajue maji yako. Kaskazi ikipungua nguvu, mwezi wa pili na wa tatu, joto la Malindi baada ya adhuhuri hulaza hata mbuzi chini ya mwarobaini. Nani alikudanganya kwamba kazi nzito ya kichwa itafanyika chini ya bati saa nane mchana? Amka na adhana ya alfajiri, uwe Mwislamu au Mkristo. Ile kazi inayokutisha ifanye kwanza, kabla hujajua nani ameandika nini kwenye kundi la ukoo. Simu iweke chumba kingine. Sisemi uigeuze kifudifudi mezani. Nasema chumba kingine! Mtafiti mmoja, Sophie Leroy, alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akiruka kwenda kwenye shughuli nyingine kabla hajaimaliza ya kwanza, sehemu ya akili yake hubaki kule alikotoka. Basi kila unapochungulia simu unarudi kazini ukiwa nusu mtu. Ukichungulia mara ishirini, jioni utabaki na nini?

Kuna na wale ambao maji yao ni ya usiku. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni hapa kwetu, na miezi ya baridi yao ni saa kumi na moja. Mwenye mteja wa California husogezwa mbele saa tatu zaidi, akafunga kazi wakati jogoo wa Mambrui wanaanza kuwika. Kijana huyu akilala mpaka mchana mtaa mzima humwita goigoi. Mama, baba, shangazi, niruhusuni niseme nanyi kwa heshima. Mtoto huyo hakukesha disko matanga. Amekesha akitafuta unga. Mnapomwamsha saa mbili asubuhi akachote maji au apeleke mtungi wa gesi, mnamvunja, na mteja wake atajua usiku, kwa makosa atakayoyafanya. Mlimheshimu kaka yake mlinzi wa hoteli aliyekesha Watamu. Mlitembea kwa nyayo za paka ili apumzike mchana. Kwa nini huyu asipewe haki ileile? Ni kwa sababu hana sare?

Na wewe unayekesha, nisikilize juu ya muguka, yale majani ya kutafuna. Mei 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi waliupiga marufuku, mahakama ikasimamisha amri zao, na mabishano yakawa makubwa mpaka Embu unakolimwa. Mimi sisubiri mahakama. Nawaona vijana wenye akili njema wakitafuna wakiamini kwamba unawapa macho ya kazi. Unawapa macho, ndiyo, yasiyofunga hata kitanda kinapowaita. Siku ya tatu mkono unatetemeka, maneno yanaruka mistari, na nyumbani hasira haina mwisho. Usingizi haukopeki. Anayefanya kazi usiku alale mchana, dirisha likiwa limefunikwa leso nzito, mlango umefungwa, bila kuomba radhi.

Nafika sasa kwenye jambo zito kuliko yote. Mwanauchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwachunguza wafanyakazi wa kampuni ya safari ya Ctrip nchini China kwa miezi tisa. Waliofanyia kazi nyumbani waliongeza utendaji kwa asilimia 13. Tarakimu hiyo imerudiwa kila mahali na wanaosifu kazi ya nyumbani. Kinachosahauliwa ni kwamba waliokubaliwa kwenye jaribio lile ilibidi wawe na chumba chao wenyewe cha kufanyia kazi. Chumba! Tena jaribio lilipokwisha, wakapewa hiari, karibu nusu walichagua kurudi ofisini, na wengi wao walitaja upweke.

Sasa niambieni: kijana wa Maweni anayeishi na ndugu sita katika vyumba viwili, nimhubirie umakini tu nimwache hapo? Nimwambie ajikaze, na huku televisheni inanguruma mgongoni mwake? Nikifanya hivyo nitakuwa namtwika mzigo nisioushika hata kwa kidole. Kwa hiyo nawageukia wachungaji wenzangu, mapadri, maimamu, na wazee wa kamati. Kumbi zetu zina viti, zina feni, zina kivuli, na tangu Jumatatu hadi Ijumaa zimefungwa kufuli. Madarasa ya shule ya Jumapili yako tupu asubuhi nzima. Tunasubiri nini? Fungueni! Meza sita, waya mmoja wa stima, kila anayetumia achange tokeni, na mzee mmoja wa kukaa mlangoni ahakikishe hapana soga. Paulo alipofika Korintho alikaa nyumbani kwa Akila na Priskila, wakashona mahema pamoja, kwa kuwa walikuwa wa ufundi mmoja. Hata mtume hakufanya kazi peke yake chumbani. Mkiwa wanne mnaofanya kazi za mtandaoni mtaa mmoja wa Mnarani au Tezo, kutaneni siku mbili kwa wiki. Mwenye umeme wa jua awakaribishe wenzake siku ya giza. Anayejua Kiingereza cha wateja amsaidie asiyekijua. Upweke huua kazi polepole, na anayeuawa huwa wa mwisho kujua.

Wala msinielewe vibaya, mkadhani nawafanya watumwa wa laptopu. Yupo anayeshuka ukutani kila dakika, na yupo asiyeshuka kamwe. Huyu wa pili hula huku akiandika, hujibu mteja katikati ya sala, mtoto wake humwita mara tatu asisikie. Yeye naye amepotea. Paulo kila sabato aliziacha sindano akaenda sinagogi. Nehemia mwenyewe, kazi ilipokwisha, aliwaambia watu wakale na kunywa na kuwapelekea sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Ikifika saa uliyoiweka, funga laptopu, iondoe mezani kabisa, toka nje upunge upepo, watu wakuone uso.

Lakini saa hizo zote hazitasimama kama ni wewe peke yako unayezijua. Kwa hiyo leo, baada ya chakula cha jioni, keti na wa nyumbani mwako. Usingoje siku mtakapogombana. Mwonyeshe mama kazi yenyewe kwenye kioo, aione kwa macho yake; mwonyeshe na ujumbe wa malipo ya mwezi uliopita, hata kama ni kidogo. Mtajie saa zako, zianze lini na ziishe lini, na umwombe katika saa hizo akuhesabu kama mtu aliyesafiri. Kisha muulize na yeye ni saa zipi anazitaka ziwe zake. Atakazozitaja, uzime simu ukae naye.