Kumiliki Motokaa ya Fahari

Kumiliki ni neno ambalo watu hulitumia kwa wepesi. Mtu akilipa bei, akapewa hati na ufunguo, husema kitu ni chake, na sheria humkubalia. Lakini sheria hutazama karatasi. Liko swali jingine ambalo sheria hailiulizi, nalo ndilo nitakalo kuliweka mbele yako, msomaji: je, mtu aweza kusemwa kuwa anacho kitu ikiwa uwezo wake waishia katika kukinunua, na wa kukitunza hana? Ningaliweza kutaja nyumba, ng'ombe au mashua, nawe ungalinielewa. Nimechagua motokaa, na katika motokaa nimechagua ile yenye ushawishi kupita zote: motokaa ya fahari yenye paa la kukunja, iliyokwisha kuwa kuukuu, ikauzwa kwa bei ambayo hata mtu wa mshahara wa kawaida aiona kuwa yafikika.

Tusizungumze hewani, natuchukue mfano wa kweli. Mwaka 1989, katika maonyesho ya magari ya Geneva, kampuni ya Mercedes-Benz ilitoa gari jipya la jamii ya SL, ambalo mafundi hulijua kwa alama ya R129. Liliendelea kutengenezwa hata mwaka 2001. Paa lake la kitambaa hujikunja na kujifunika lenyewe kwa muda wa sekunde 30 hivi, bila kuguswa na mkono wa mtu. Dereva ana kazi ya kubonyeza kitufe tu. Nyuma ya viti umelazwa mhimili wa chuma ambao, gari likitaka kupinduka, huinuka wenyewe kabla mtu hajapata nafasi ya kupepesa jicho mara mbili, ili vichwa vya waliomo visipondwe. Gari lile lilifanywa na watu waliokuwa hodari sana kwa ajili ya watu ambao hawakuuliza bei.

Sasa fikiri jinsi paa hilo linavyofanya kazi. Katika buti mna pampu. Pampu husukuma mafuta katika mirija myembamba, na mafuta hayo huingia katika mitungi midogo iliyofichwa mwilini mwa gari, nayo mitungi ndiyo iinuayo paa na kulilaza. Ndani ya kila mtungi mna vipete vya mpira vizuiavyo mafuta yasivuje. Mpira hauheshimu utajiri. Miaka ikipita hukauka na kukatika, na mitungi iliyo juu ya kioo cha mbele ikianza kuvuja humdondoshea dereva mafuta kichwani, yeye na suti yake. Dirisha la nyuma la paa lile ni la plastiki, nayo hugeuka manjano na kupasuka. Tena baadhi ya magari hayo yaliyotengenezwa katika miaka ya kwanza ya 1990 yalitiwa nyaya za injini ambazo ngozi yake, kwa kuchomwa na joto siku zote, humomonyoka kama ganda la mkate mkavu. Sisemi haya kwa kulilaumu gari. Hayo ni magonjwa ya uzee, na kila kitu kilichotengenezwa kwa ustadi mwingi kina mahali pengi pa kuugulia.

Hesabu yake ni hii. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba gari lilinunuliwa likiwa jipya kwa shilingi 10,000,000, na leo lauzwa kwa shilingi 1,000,000. Mnunuzi hujiambia kwamba ameokota shilingi 9,000,000 njiani. Hakuokota kitu. Bei ya gari imeshuka hata ikawa sehemu moja ya kumi, lakini bei ya mtungi wa paa haikushuka pamoja nayo, maana mtungi haujui kwamba gari limezeeka. Kipuri huuzwa kwa bei iliyopimwa kwa mfuko wa mwenye gari wa kwanza, na pengine kwa zaidi, kwa kuwa kimeadimika. Basi mnunuzi huyu amelipata gari kwa bei ya mtu wa kawaida, akarithi tumbo lililozoea kulishwa na tajiri.

Hapa Kenya mambo huzidi kidogo. Kwa kawaida gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8 tangu kuandikishwa kwake kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo motokaa kuukuu ya namna hii uionayo mjini yamkini imezeekea papa hapa, katika jua letu na vumbi letu, na ikiwa ni ya Mombasa, katika hewa ya chumvi ilayo chuma usiku na mchana. Nairobi nako, maua ya mijakaranda huanguka na kuziba mifereji midogo ipitishayo maji ya paa. Mvua za vuli zikaja, maji yakakosa njia, yakaingia sakafuni yakavizamisha vyombo vya umeme. Ukienda Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, kipuri cha gari litumiwalo na watu wengi utakipata kabla chai yako haijapoa. Cha gari hili huenda ukaambiwa ungoje.

Swali hili niliwahi kuwatolea wanafunzi darasani, na kijana mmoja akanijibu kwa maneno machache: "Mwalimu, fedha ni zake na gari ni lake. Sisi yatuhusu nini?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa jibu lile lina nguvu, na mtu alipuuzaye hajafikiri. Ikiwa mtu apoteza mali yake mwenyewe kwa hiari yake, na akiba yake yaishia gerejini, kwa haki gani jirani ajiingize? Uhuru wa kufanya upumbavu mdogo ni sehemu ya uhuru. Laiti gari lile lingalikaa uani mwake likitazamwa kama ua, ningalikubaliana na kijana yule na insha hii ingalikwisha hapa.

Lakini gari haliwekwi uani. Hupita barabarani, na barabara si yake. Tairi huzeeka hata likiwa halitembei. Ubavuni mwake, mwishoni mwa alama ya kiwandani, zimepigwa tarakimu 4, mbili za wiki na mbili za mwaka: ukiona 2312, ujue lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2012, na hata kama michoro yake bado ni mirefu, mpira wake umekwisha kuwa mgumu. Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo. Dereva akishuka mteremko mrefu akikanyaga breki tena na tena, zikapata moto mkali, unyevu ule huchemka ukawa mvuke, na mguu wake huzama bila gari kushikwa. Wajua mteremko ushukao kutoka Limuru hata Mai Mahiu, Bonde la Ufa likiwa wazi kushoto na malori yakiwa yamefuatana. Ni mahali pazuri kupita kwa gari lililofunguliwa paa. Basi mfikirie mtu aliyetoa fedha yake ya mwisho ili paa lifunguke, akayaacha mafuta ya breki ya miaka sita kwa kuwa hayaonekani na mtu. Kando ya barabara ile yuko mama auzaye mahindi ya kuchoma. Mama yule hakuonja hata dakika moja ya utamu wa gari lile; hakuuliza bei yake wala hakushauriwa liliponunuliwa. Mbona yeye awekwe katika hesabu ya hasara?

Hapo ndipo nionapo kwamba swali si la mali peke yake. Mtu anunuapo kitu chenye nguvu hujitwika ahadi kwa watu asiowajua, na ahadi hiyo haipunguzwi kwa sababu alikipata kwa bei nafuu. Asiyeweza kuitimiza ahadi hana kitu kizima; ana nusu yake, ile nusu ing'aayo.

Wengi huvutwa na nusu hiyo, na wauzaji walijua hivyo zamani. Kuna muuzaji ambaye huiwasha injini mapema na kuipasha moto kabla mnunuzi hajafika, ili kelele za asubuhi zisisikike. Kuna apakaye rangi mpya juu ya kutu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na kwa motokaa methali hii si fumbo, ni maagizo: vua koti, lala chini, utazame tumbo la gari, au umlipe fundi asiyemjua muuzaji akulalie. Omba kitabu cha matengenezo. Mihuri yake na tarehe zake zitakueleza tabia za waliolitunza gari kabla yako, kwa unyofu ambao huenda usiupate katika ulimi wa muuzaji.

Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, alilitia jambo hili katika kitabu chake cha maadili. Alifundisha kwamba matumizi makubwa yaweza kuwa fadhila, ila ni lazima yamfae mtumiaji na yaifae shughuli; akaongeza kwamba maskini hana njia ya kuwa na fadhila hiyo, na akijaribu huwa mpumbavu. Nusu ya neno hili nalikubali. Nusu ya pili yanikereketa, maana Aristotle alihesabu fedha akasahau mikono. Yuko mtu mwenye fedha chache ambaye amejifunza kuufungua mtungi wa paa mwenyewe juu ya meza ya jikoni, akatoa vipete vilivyokufa, akatia vipya, akaurudisha. Jioni zake amezitoa, ambazo wengine huzitumia kwa mengine, na gari lake haliendi barabarani mpaka breki zimpendeze. Huyo simwiti mpumbavu. Amelipa kwa sarafu nyingine, na pengine ana haki ya gari lile kuliko tajiri alitupaye lioze chini ya mti.

Wala sikubaliani na wale wasemao kwamba kupenda kitu cha fahari ni dhambi yenyewe. Kazi nzuri ya mikono ya watu ni halali kupendwa. Tena motokaa iliyo wazi ina jambo moja ambalo sijaliona katika anasa nyingine. Tajiri aliye katika gari la vioo vyeusi hutuona sisi bila kuonekana. Bali aliyefungua paa ameondoa ukuta. Vumbi letu laingia kinywani mwake, moshi wa matatu wamfikia sawa na sisi, na maneno yasemwayo kituoni juu yake ayasikia yote, mazuri na mabaya. Ndilo gari la majivuno makubwa, na ndilo gari lisilo na maficho. Sijui gari jingine linaloyaweka mambo hayo mawili katika kiti kimoja.

Kwamba upendo huo waweza kuwa na adabu, twauona Nairobi penyewe. Katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong hufanyika mashindano ya umaridadi wa motokaa na pikipiki yaitwayo Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970. Waamuzi hawatosheki na rangi ya nje. Huitazama injini, hufungua buti, huchungulia chini ya gari. Kuna magari pale yaliyozidi umri wa wenyewe, nayo huondoka uwanjani kwa nguvu zao.

Limebaki la nyumbani, nalo ndilo zito. Tumfikirie karani mmoja, baba wa watoto watatu, aliyekopa katika chama cha akiba na mikopo ili anunue gari lile. Mkopo alipa kila mwezi. Mwezi wa tatu paa lakwama nusu, mvua yanyesha, na fundi ataja bei. Karo ya muhula yangojwa wiki ile ile. Kila shilingi itakayokwenda katika paa itatoka mahali, na mahali penyewe pana jina na sare ya shule. Je, mkewe aliulizwa? Watoto wake walipozaliwa alijifunga kwao kwa ahadi iliyo kongwe kuliko gari, na ahadi ya kwanza hulipwa kwanza. Mtu huyu akiwaambia jirani zake kwamba gari ni lake, watamwamini. Lakini kijana wake aliyerudishwa kutoka shule ajua ni nani aliyelinunua.

Afanye nini basi aliyekwisha kuingia katika shida hiyo? Aliuze, na aliuze akisema kweli. Amwonyeshe mnunuzi mtungi unaovuja, amtajie mwaka wa tairi, amwambie breki zilitengenezwa lini na kama hazikutengenezwa amwambie hivyo pia. Atapata fedha pungufu, na huo ndio upungufu uliokuwamo katika gari tangu siku ile alipolinunua. Kisha mnunuzi mpya alifungue paa, aingize kidole katika mifereji ya maji, ayatoe majani na maua yaliyooza humo, ndipo waende pamoja kwa fundi.